Ngozi ya buluu niliyoifuta

Picha ya kwanza ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, ambayo niliona inastahili kuonyeshwa watu ilikuwa ya NGC 6888, ile inayofahamika kwa jina la Nebula ya Hilali, katika kundinyota la Dajaja ambalo wengine hulijua zaidi kama Cygnus. Niliikusanya kwa siku tano za mbingu safi, nikitumia darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 20 na kamera isiyorekodi rangi, ambayo mbele yake huwekwa vichujio kwa zamu: kimoja kinachopitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na kingine kinachopitisha mwanga wa buluu-kijani wa nanomita 501, unaotolewa na oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili. Nilipiga picha 60 za haidrojeni na 54 za oksijeni, kila moja ya dakika 10, yaani saa 19 kwa jumla. Kisha, katika jioni moja tu mbele ya kompyuta, huku nikiamini kwamba ninasafisha, nilifuta sehemu iliyokuwa na maana kuliko zote.

Ilikuwa hivi. Nilipozijumlisha picha za oksijeni, kulijitokeza nje ya nyuzi zinazong'aa za hilali utando hafifu sana, kama pumzi ya mtu juu ya kioo cha dirisha. Haukufuata umbo la nyuzi zile. Ulizizunguka kwa mbali kidogo, na ukingo wake ulikuwa laini. Nilidhani ni umande uliotanda juu ya kioo cha darubini, au mng'ao wa nyota jirani ulioakisiwa ndani ya kichujio, kwa sababu hayo yote yalikwisha kunipata. Programu niliyoitumia huhitaji kuelekezwa ni wapi anga ni tupu, ili ipime mwanga wa usuli na kuutoa katika picha nzima. Nami niliweka alama zangu za “anga tupu” juu ya utando ule ule, moja baada ya nyingine, mpaka nebula ikabaki imesimama peke yake kwenye weusi, kingo zake zimekatika kama kwa wembe. Nilijipongeza.

Niliipeleka picha hiyo kwenye mkutano wa chama chetu cha watazamaji wa nyota. Mzee mmoja, ambaye alikuwa akitazama anga tangu kabla sijazaliwa, aliiangalia kwa muda mrefu kuliko wengine, akasogeza miwani yake, akaniuliza: “Mwanangu, kazi umeifanya. Lakini ngozi yake iko wapi?”

“Ngozi ipi, mzee?”

“Ya oksijeni. Umeishia kwenye nyuzi nyekundu, na mbele ya nyuzi hizo ndiko kwenye habari yenyewe.”

Nilimjibu, kwa heshima lakini kwa uhakika mwingi kupita kiasi, kwamba ule ulikuwa ukungu wa kwenye kioo na kwamba nilikwisha kuuondoa. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama picha zangu ghafi ningali nazo, nilipokubali akaniambia nisizifute, kisha akanishauri nisome habari za nyota iliyo katikati kabla ya kurudi kwenye picha. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka mitatu ya kujifunza jambo moja ambalo mwanzoni nilidhani ningelimaliza kwa wiki moja.

Nyota yenyewe inaitwa WR 136. Herufi hizo mbili zinatokana na Charles Wolf na Georges Rayet, Wafaransa wawili ambao mwaka 1867, wakiwa katika kituo cha uchunguzi wa anga cha Paris, waligundua nyota tatu katika Dajaja ambazo mwanga wao, ukitawanywa katika rangi zake, ulionyesha mistari mipana inayong'aa mahali ambapo nyota za kawaida huonyesha mistari myembamba ya giza. Upana huo ulikuwa alama ya gesi inayokimbia pande zote kwa kasi kubwa sana, nyingine ikija kwetu na nyingine ikitupa kisogo. Katika darubini yangu, WR 136 ni nukta ya kawaida, hafifu kidogo kuliko kiwango cha jicho tupu, isiyo na lolote la kumfanya mtu aitazame mara mbili. Hata hivyo upepo wake, yaani gesi hiyo inayoikimbia nyota, unatoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa sekunde, mwendo ambao ungemaliza umbali wa kutoka Duniani hadi Mwezini kwa muda wa dakika nne na ushei. Nyota za aina hii hupoteza masi inayokaribia sehemu moja ya mia elfu ya masi ya Jua kila mwaka, na nilipokokotoa kwa kalamu na karatasi nikaona kwamba ni sawa na kutupa nje Dunia tatu kila mwaka, mwaka hadi mwaka, kwa maelfu ya miaka.

Kilichonisaidia kuelewa ngozi ile ni kujua kwamba nyota hii imepuliza pepo mbili tofauti. Kabla ya kufika hali yake ya sasa ilivimba na kuwa jitu kuu jekundu, yaani nyota kubwa mno yenye rangi nyekundu, na wakati huo ilimwaga gesi nyingi kwa mwendo wa polepole, wa makumi tu ya kilomita kwa sekunde. Baadaye, ilipokwisha kuvua tabaka zake za nje na kubaki na kiini kilicho moto zaidi, upepo wake ukawa mwepesi na wa kasi, ukaanza kuifukuza gesi ya zamani na kuifikia kwa nyuma. Nyuzi nyekundu zinazoipa nebula umbo la hilali ni ile gesi ya zamani iliyokokotwa na kurundikwa kama taka mbele ya ufagio. Ganda hilo linatanuka kwa takribani kilomita 80 kwa sekunde, na kwa kuwa nebula ina upana wa miaka 25 hivi ya nuru (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), hesabu ya kugawanya tu inaonyesha kwamba mgongano huu una umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Kwa nyota ambayo maisha yake yote ni miaka milioni chache, hilo ni jambo la juzi.

Sasa, ganda linapotanuka hutanguliwa na wimbi la mshtuko linaloingia katika gesi ambayo bado haijaguswa. Mara tu baada ya wimbi hilo kupita, gesi huwa moto sana, na ni hapo oksijeni hung'aa kwa buluu-kijani. Nyuma zaidi, gesi ikishapoa na kusongamana, haidrojeni hung'aa kwa wekundu. Ndiyo maana utando wa oksijeni uko nje na nyuzi za haidrojeni ziko ndani. Utando ule niliouita umande ulikuwa mstari wa mbele wa upepo wa nyota, mahali ambapo kazi ya kuichonga nebula inafanyika sasa hivi. Nilikuwa nimehifadhi kwa uangalifu mkubwa mabaki ya kazi iliyokwisha kufanyika, na kuifuta kazi yenyewe.

Nitaje pembeni kwamba mstari huo wa oksijeni una historia ya kuwasumbua watu waliojua mengi kuliko mimi. Mwaka 1864 William Huggins, Mwingereza, alipoelekeza chombo cha kutawanya rangi kwenye nebula moja ndogo alikuta mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana, na baadaye ikapendekezwa elementi mpya iliyopewa jina la nebuliamu. Ilidumu vitabuni hadi mwaka 1927, Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida, inayong'aa kwa namna isiyowezekana katika maabara kwa sababu gesi ya nebula ni nyembamba mno, kiasi kwamba atomu hukaa muda mrefu bila kugongwa na nyingine. Habari hiyo ilinipa faraja kidogo.

Baada ya hapo nilitaka kujua upepo wenyewe unatoka wapi, na hapo nikafanya kosa la pili. Nilikuwa nafahamu kwamba Jua letu nalo lina upepo, wenye kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, nikahitimisha kwamba upepo wa nyota kubwa ni upepo ule ule ulioongezwa nguvu. Sivyo. Upepo wa Jua unasukumwa na joto la tabaka lake la nje, ambalo hufika nyuzi zaidi ya milioni moja, gesi ikawa moto mno kuweza kushikiliwa na mvutano. Upepo wa nyota zenye masi kubwa unasukumwa na mwanga. Tofauti ya kiasi nayo ni ya kutisha: Jua hupoteza kwa upepo wake kama tani milioni moja na ushei kila sekunde, hali nyota ya daraja la O, ambayo ni ya buluu na ina masi ya makumi ya Jua, inaweza kupoteza mara makumi ya milioni ya kiasi hicho.

Kwamba mwanga unaweza kusukuma nililikubali mapema, lakini namna unavyosukuma ilinichukua miezi. Gesi ya nyota ni haidrojeni na heliamu karibu yote, na katika joto la nyota hizi gesi hizo mbili zimekwisha kupoteza elektroni zake kiasi kwamba hazinasi mwanga sana. Wanaonasa ni wachache waliomo: kaboni, nitrojeni, oksijeni, chuma na wenzao, ambao hufyonza mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho ulio ng'ambo ya zambarau, katika maelfu ya mistari myembamba. Atomu ya aina hiyo hupokea mwanga unaotoka upande mmoja tu, yaani kutoka kwenye nyota, kisha huutoa kuelekea upande wowote, na matokeo ya kurudia hivyo ni kwamba husukumwa nje. Na ikishasukumwa, huwagonga majirani zake wa haidrojeni na heliamu na kuwakokota. Swali langu lilikuwa hili: kama kila atomu inafyonza rangi moja finyu tu, si rangi hiyo itakwisha kufyonzwa na atomu za chini, zile za juu zikose kitu? Jibu ndilo lililonifanya niweke kitabu chini na kutembea chumbani. Atomu zinapoongezewa mwendo, rangi wanayoiona inahama kwa sababu ya mwendo huo, kama mlio wa gari linalotupita unavyobadilika, na kwa hiyo mstari wao wa kufyonza unahamia kwenye sehemu ya mwanga ambayo hakuna aliyeigusa bado. Kadiri gesi inavyokwenda kasi, ndivyo inavyokutana na mwanga mpya wa kuisukuma zaidi. Leon Lucy na Philip Solomon waliieleza hoja hiyo ya msukumo wa mistari mwaka 1970, na mwaka 1975 John Castor, David Abbott na Richard Klein wakaipa hesabu kamili ambayo bado inatumika kama msingi.

Kuna ushahidi mmoja wa jambo hili ambao hauhitaji darubini kuuonyesha mahali pake. Katika miaka ya 1960 Donald Morton na wenzake walirusha roketi zilizobeba vyombo vya kupima urujuanimno nje ya angahewa, wakazielekeza kwenye nyota za kundinyota la Jabari, zikiwamo zile tatu za ukanda wake ambazo kila mtu anazijua. Waliona kwamba gesi iliyo mbele ya nyota hizo, inayokuja upande wetu, inafyonza mwanga uliohamishwa kuelekea buluu kwa kiasi kinacholingana na mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Tangu niliposoma hayo sijaweza kuutazama ukanda ule na kuona nukta tatu zilizotulia.

Kosa la tatu lilihusu Nebula ya Kiputo, NGC 7635, iliyo katika kundinyota la Mke wa Kurusi na ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1787. Nyota inayoipuliza ina masi ya Jua 45 hivi, na kiputo chenyewe kina upana wa takribani miaka 7 ya nuru. Nilichora mchoro mkubwa kutokana na picha yangu ili utundikwe ukutani pale chamani, na katika kuchora niliisogeza nyota hiyo katikati ya duara, kwa sababu katika picha ilikuwa imeegemea upande mmoja nami nilidhani hayo ni makosa ya macho. Mtu akipuliza puto pumzi inakwenda pande zote sawa. Chanzo kitaachaje kuwa katikati? Mchoro ule ulikaa ukutani miezi minne.

Ilibidi nisome nadharia ya viputo ndipo nikaomba ushushwe. Castor, Richard McCray na Robert Weaver waliiandika mwaka 1975, na Weaver na wenzake wakaikamilisha mwaka 1977. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiri kwamba upepo unaligonga ganda moja kwa moja, kama maji ya mpira yanavyochimba mchanga. Kumbe karibu na nyota upepo unatiririka huru, kisha unagonga gesi iliyotangulia na kusimamishwa ghafla, na mwendo wote ule unageuka kuwa joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo iliyonaswa, nyembamba lakini moto mno, ndiyo inayojaza kiputo na kulisukuma ganda kwa shinikizo lake, na shinikizo hufuata njia rahisi. Upande ambao wingu la jirani ni zito, ganda hukwama. Upande ulio mwembamba, hukimbia. Nyota ya Kiputo imekaribia ukuta mzito wa wingu kuliko upande wa pili, na kwa hiyo kule kuegemea upande mmoja, nilikokusahihisha kwa mkono wangu, ni kipimo cha uzito wa gesi ambayo haionekani vizuri kwa njia nyingine.

Nadharia hiyo nayo haikukaa bila kuguswa. Darubini za eksirei zilipochungulia viputo kama vile NGC 6888 zilikuta kweli gesi moto ndani yake, lakini mng'ao wake kwa kawaida ni mdogo kuliko hesabu ya mwaka 1977 ilivyotarajia. Ama gesi moto inavuja kupitia nyufa za ganda, ama inachanganyika na gesi baridi na kupoa mapema, na wachunguzi wanaendelea kupima kila moja inachangia kiasi gani. Binafsi naona hoja ya uvujaji inaelekea zaidi pale ganda linapoonekana limechanika, lakini huo ni mtazamo wa mtu anayeangalia picha.

Baada ya kuchelewa kuuona upepo, nikaanza kuuona kila mahali. Hii ni hatari ambayo sikuonywa. Nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari, nikawaonyesha nebula tano, na kwa kila moja nikasema: tazameni upepo ulivyochonga. Ya mwisho ilikuwa picha ya Nguzo za Uumbaji zilizo katika nebula M16, ile iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995. Msichana mmoja aliyeketi mstari wa mbele akanyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, kama upepo unatoka kwenye nyota na kupuliza kila kitu nje, mbona nguzo hizi zimeelekeza vichwa kwenye nyota hizo hizo?”

Nilijibu kitu chenye maneno mengi. Njiani nikirudi nilijua kwamba sikumjibu, na baada ya siku mbili nilimwandikia mwalimu wake ili amfikishie jibu la kweli. Nguzo zile zimechongwa hasa na mwanga wa urujuanimno, wala si upepo. Mwanga huo unaichemsha gesi ya juu ya wingu na kuifanya itoke kama mvuke. Penye donge zito gesi haichemki upesi, na donge hilo linaikinga gesi iliyo nyuma yake kwa kivuli. Kilichobaki kimesimama ni kivuli kilichojaa gesi, na kivuli daima huelekea kwenye taa kwa kichwa chake. Upepo wa nyota hizo upo, lakini katika nguzo hizi si fundi mkuu. Nilimwomba pia mwalimu amwambie kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko hotuba yangu.

Kutokana na aibu hiyo nikapitia upya orodha yangu yote, nikijiuliza kwa kila nebula: shimo hili limefanywa na nini hasa? Ya kuvutia kuliko zote ilikuwa Nebula ya Waridi, iliyo umbali wa miaka 5,000 hivi ya nuru, ambayo ina uwazi wa mviringo katikati na ndani yake kundi la nyota changa liitwalo NGC 2244. Nilikuwa nimeitumia miaka yote kama mfano safi wa shimo la upepo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzao walieleza kwamba hata hapo kuna tatizo: nyota zile zina umri na nguvu za kutosha kuwa zimefungua uwazi mkubwa zaidi kuliko unaoonekana. Walipoiga hali hiyo kwa kompyuta kuu, wingu lililotoa matokeo yanayofanana na nebula halisi lilikuwa bapa na jembamba kama shuka, likiwa na ugasumaku unaolishikilia. Upepo ulikuwa umetokea juu na chini ya shuka hilo, na sehemu kubwa ya nguvu zake ikaenda mbali na wingu badala ya kulipanua shimo. Ninapoitazama Waridi sasa, uwazi ule si duara tena machoni mwangu. Ni kama tundu la sindano lililotazamwa kutoka juu, na njia ya upepo imeelekea upande tusiouona kwa kuwa tuko mbele yake.

Kisha kuna Nebula ya Jabari, M42, ambayo kila mtazamaji huanza nayo na ambayo mimi niliiacha mapema kwa kudhani nimekwisha kuijua. Katikati yake kuna nyota nne zilizokaribiana, na kubwa yao, Theta-1 Orionis C, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwanga unaoiwasha nebula nzima. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya SOFIA, darubini iliyokuwa ikibebwa ndani ya ndege aina ya Boeing 747 juu ya mvuke mwingi wa angahewa, iliyopima mng'ao wa kaboni katika infraredi na kuonyesha mwendo wa gesi sehemu kwa sehemu. Mbele ya nebula hiyo, upande wetu, kuna kiputo chenye upana wa miaka 13 hivi ya nuru kinachotanuka kwa kilomita 13 kwa sekunde, na kinachokipuliza ni upepo wa nyota ile moja. Miaka kumi na kitu kabla yake, darubini ya eksirei ya XMM-Newton ilikwisha kukuta gesi yenye joto la nyuzi milioni 2 hivi katika eneo hilo hilo, kama nadharia ya viputo ilivyotaka iwe. Kazi ya kiputo hiki si mapambo. Kinafagia mbali gesi ambayo ingejikunja na kuzaa nyota nyingine karibu, na hivyo nyota moja kubwa inawazuia wadogo wasizaliwe jirani yake, miaka mingi kabla haijalipuka kuwa supanova. Kabla ya hapo wengi waliihesabu kazi hiyo kuwa ya milipuko zaidi.

Nilipolisoma hilo nilitafuta picha zangu za zamani za M42, zile za eneo pana nilizozipiga mwaka wa kwanza. Upande wa kusini wa sehemu inayong'aa kulikuwa na upinde mwembamba unaozunguka na kufunga eneo jeusi, na katika daftari langu la siku hiyo nimeandika kwa mkono wangu: “Sehemu ya chini hakuna kitu, kata.” Na kweli nilikuwa nimeikata. Ule upinde ni ukingo wa kiputo.

Mwezi uliopita hatimaye nilirudi kwenye zile saa 19 za Hilali. Nilianza na picha ghafi, kama mzee alivyoniagiza nizitunze, na safari hii nilipeleka alama za “anga tupu” mbali kabisa na nebula, hata ikabidi nizibakize chache sana na kukubali usuli usiosawazika vizuri. Kati ya picha 54 za oksijeni niliziacha 7 zilizokuwa na umande wa kweli, ambao sasa naujua kwa sura yake: hutanda kutoka ukingoni mwa picha na huzipa nyota zote taji, wala hauizunguki nebula. Nilipozijumlisha zilizobaki, ngozi ilijitokeza. Ni hafifu, buluu, karibu kamili kuizunguka hilali yote hata zile sehemu ambako nyuzi nyekundu zimekatika, na upande wa kaskazini-magharibi haifuati mstari wa wenzake bali imetuna kwenda nje.

Nilimpelekea mzee. Aliishika karatasi karibu na taa, akaigeuza mara moja, akaweka kidole juu ya pale ilipotuna.

“Hapa je?”

“Nadhani gesi ya nje ni nyembamba upande huo, mzee, ndipo upepo ukapata upenyo. Lakini mwanga nilioukusanya hautoshi kuonyesha kama ukingo umefunga au umepasuka.”

“Basi ongeza,” alisema, akanirudishia karatasi.

Hadi sasa nimeongeza picha 31 za oksijeni, zote zikiwa zimeelekezwa kwenye uvimbe huo, na ukingo wake bado haujaamua.